Nina miaka 61 na ninataka kutembea hadi Namugongo: nianzie wapi?

SWALI

Mheshimiwa mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Busia, upande wa Kenya. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi niliyestaafu mwaka jana nilipotimiza umri wa miaka 60, na ni mjane mwenye watoto wanne ambao wote sasa wanajitegemea. Tangu nikiwa msichana nimekuwa nikiwaona mahujaji wakipita hapa mjini kila mwisho wa Mei, wakiwa na rozari mikononi na mabango ya parokia zao, wakielekea Namugongo kwa miguu ili wafike kabla ya tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Nilipokuwa kazini sikuweza kufuatana nao kwa sababu safari huangukia katikati ya muhula wa pili. Sasa muda ninao, na nimeweka nia ya kutembea nao mwakani, Mungu akinijalia.

Shida ni mwili. Miaka mingi ya kusimama mbele ya ubao, kukaa nikisahihisha madaftari na kupanda bodaboda hata kwa safari ya dukani imeniacha na uzito wa kilo 86, presha ambayo ninaimezea vidonge viwili kila asubuhi, kimoja cha amlodipini na kingine ambacho daktari alisema ni cha kupunguza maji mwilini, pamoja na goti la kulia linalouma kila ninaposhuka ngazi. Sijawahi kufanya mazoezi ya aina yoyote tangu nilipotoka chuo cha ualimu.

Mwezi uliopita, baada ya mahujaji wa mwaka huu kurejea, wanawake wa kwaya yetu walikwenda kwa miguu kusali kwenye kigango cha jirani, kama kilomita saba kutoka kwetu, wakarudi siku hiyo hiyo. Niliandamana nao. Nilikwenda vizuri, nikaimba njia nzima, na jioni nilipofika nyumbani nilijiona nimeweza. Asubuhi yake sikuweza kuinuka kitandani bila kushika ukuta. Goti lilikuwa limevimba, visigino vilikuwa na malengelenge, na nilikaa ndani wiki nzima nikimeza diklofenaki niliyoinunua katika duka la dawa.

Kifungua mimba wangu, ambaye anafanya kazi Nairobi, alipopata habari alinipigia simu kwa uchungu mkubwa. Alisema, "Mama, umetulea umemaliza, sasa pumzika, tutakulipia basi hadi Namugongo na utarudi na basi." Wadogo zake wamemuunga mkono. Majirani nao wanasema ni aibu kwa nyanya mwenye wajukuu kuonekana alfajiri barabarani akiwa amevaa raba na trakisuti.

Naomba uniambie ukweli. Je, mwili wa umri wangu bado unaweza kujengeka, au nimechelewa? Kama unaweza, nianzie wapi ili nisirudie yaliyonipata? Na watoto wangu niwajibu vipi, maana sipendi kwenda hija huku tumekosana?

Mwalimu mstaafu, Busia

JIBU

Mwalimu mpendwa,

Barua yako imebeba jambo moja ambalo huenda hukulipa uzito ulipokuwa ukiandika, nami nitaanza nalo kwa sababu karibu kila ninachokushauri kinatoka hapo. Siku yenyewe ya kutembea ulifika, uliimba na ulirudi nyumbani kwa miguu yako mwenyewe. Kilichokushinda ni asubuhi iliyofuata. Kwa hiyo jambo la kujiuliza kuanzia leo ni kama mwili wako unaweza kuamka kesho yake na kutembea tena, na maandalizi yako yote yaelekezwe huko.

Hebu tuitazame safari yenyewe. Barabara kutoka mpakani Busia kupitia Bugiri, Iganga na Jinja hadi Namugongo inakaribia kilomita 200. Mkiigawa kwa siku 8, kila siku ina kilomita 25, na kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, ambao ni mwendo wa haki kwa kundi lenye watu wazima na mizigo, hizo ni zaidi ya saa 6 za kutembea mbali na mapumziko. Watu wengi wenye afya ya wastani wanaweza kutembea kilomita 25 mara moja, kisha wakajiuguza kwa siku kadhaa. Wanaofika Namugongo wakiwa wazima ni wale ambao miguu yao imezoeshwa kufanya hivyo siku ya pili, ya tatu na ya nne, baada ya usingizi mfupi juu ya mkeka katika ukumbi wa parokia au darasa la shule.

Kuhusu kuchelewa, hujachelewa, na silisemi hili ili kukufariji tu. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya na wakazi wa nyumba ya kutunzia wazee, watu wenye umri wa kati ya miaka 86 na 96, ambao kwa majuma 8 walifanyishwa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu. Nguvu za misuli ya mapaja yao ziliongezeka kwa zaidi ya maradufu. Ikiwa misuli ya mtu wa miaka 90 bado huitikia kazi, sioni sababu ya kutilia shaka ya mwanamke wa miaka 61 ambaye juzi tu alitembea kilomita 14 bila maandalizi yoyote.

Yuko pia mwanamke ambaye habari zake napenda uzijue. Emma Gatewood wa jimbo la Ohio, mama wa watoto 11, alikuwa na miaka 66 mwaka 1954 alipojaribu kutembea njia ya milima ya Appalachian peke yake. Alipotea, miwani yake ikavunjika, akarudishwa nyumbani. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 67, alianza upya akiwa amebeba mfuko alioushona kwa mikono yake na kuvaa raba za kitambaa, akaitembea njia yote kutoka Georgia hadi Maine, zaidi ya kilomita 3,000. Simtaji ili umwige, kwa maana alikuwa mwanamke wa shamba ambaye maisha yake yote yalikuwa ya kazi ngumu za mikono, na miguu yako haijapata malezi hayo. Namtaja kwa sababu jaribio lake la kwanza liliharibika, naye hakulichukulia kuwa ushahidi kwamba hawezi.

Sasa niueleze mwili, maana ukiuelewa utaweza kujiongoza hata mahali ambapo ushauri wangu haukufika. Moyo, mapafu na misuli huanza kuitikia mazoezi katika wiki chache tu, lakini kano zinazoishikiza misuli kwenye mifupa, pamoja na mifupa yenyewe, huhitaji miezi. Itafika wiki ya sita au ya nane ambapo utajisikia mwepesi, pumzi imetulia, usingizi umekuwa mtamu, na utashawishika kuongeza umbali maradufu kwa mkupuo. Huo ndio wakati ambao wengi walioanza ukubwani huumia kisigino, unyayo au goti, kwa sababu pumzi imetangulia na kano zimebaki nyuma. Wakati huo nakuomba uitii ratiba kuliko unavyotii furaha yako.

Kabla ya hatua ya kwanza, nenda kliniki unakochukulia dawa na umweleze daktari kwa ukamilifu kwamba unajiandaa kutembea karibu kilomita 200 kwa siku 8. Usimwambie tu kwamba unataka kuanza mazoezi, kwa kuwa atakujibu jibu la jumla. Mwombe akupime presha, sukari na kazi ya figo, aulize kama moyo wako unahitaji kipimo cha umeme wa moyo, na alishike goti lako alichunguze. Ikiwa presha yako ukiwa umetulia ni 180 kwa 110 au zaidi, mazoezi yasubiri mpaka idhibitiwe. Ikiwa imedhibitiwa, kutembea kwenyewe kutasaidia kuishusha, jambo ambalo daktari wako atalifurahia.

Hapa kuna jambo la kukusihi, Mwalimu: achana na diklofenaki, na ndugu yake ibuprofeni, mpaka daktari akuambie vinginevyo. Dawa hizi hutuliza maumivu kweli, lakini huufanya mwili uzuie chumvi na maji, hupandisha presha na hupunguza nguvu ya vidonge unavyovimeza kila asubuhi. Na zikikutana na kidonge cha kupunguza maji katika mwili uliokaukiwa na jasho, zinaweza kuziumiza figo vibaya. Njiani hutakosa msamaria mwema wa kukupa vidonge viwili ukichechemea, naye atakuwa na nia njema kabisa. Mshukuru, usivimeze. Muulize daktari kama parasetamoli inakufaa, na goti likivimba lipumzishe, liinue juu ya mto na ulifunike kwa kitambaa cha maji baridi. Ubaya mwingine wa dawa ya maumivu ni kwamba inalinyamazisha goti wakati ambapo unahitaji kulisikia.

Kidonge cha kupunguza maji nacho kinahitaji mazungumzo ya pekee. Kinakufanya upoteze maji na chumvi kupitia mkojo, na jua la barabarani litakuongezea upotevu huo kupitia jasho, kwa hiyo unaweza kupata kizunguzungu unaposimama ghafla. Usikiache wala kukipunguza kwa uamuzi wako. Muulize daktari mapema kama katika siku za safari kipunguzwe au kimezwe saa nyingine. Kosa la upande wa pili ni kunywa maji matupu kupita kiasi kwa kuogopa kukaukiwa, kwa maana chumvi ya damu hushuka, na mtu hupata kichwa kuuma, kichefuchefu na hata kuchanganyikiwa, na wanaotumia vidonge vya aina hii wako katika hatari zaidi. Kunywa kwa kufuata kiu, kula chakula chenye chumvi kidogo njiani, na uulize kliniki kama inafaa ubebe pakiti za chumvi za kuchanganya na maji, zile wanazopewa watu wanaoharisha. Amlodipini inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu yote miwili, hasa jioni, na uvimbe huo daktari anaujua. Lakini mguu mmoja ukivimba kwenye shavu la mguu, ukawa wa moto na wenye maumivu, au ukipata maumivu ya kifua, yawe yamesambaa hadi mkononi au tayani au la, hapo hakuna kusubiri, nenda hospitali.

Tuje kwenye kutembea kwenyewe. Kwa wiki sita za kwanza sahau kabisa habari za Namugongo. Tembea siku tano kwa wiki, dakika 20 tu kila siku, kwenye njia tambarare, ya murram kama ipo, na uongeze polepole mpaka ufikie dakika 40. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwa mwendo huo utakuwa umeingia katika kiwango hicho bila kujiumiza. Usisumbuliwe na habari za hatua 10,000 kwa siku. Idadi hiyo ilienezwa na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, haikutoka kwa madaktari. Kipimo chako kiwe sauti, na wewe kama mwanakwaya utakielewa vizuri kuliko wengine: mwendo wa kufaa ni ule unaokuwezesha kusema sentensi nzima bila kuhema, lakini usioweza kuimba nao ubeti mzima kwa raha. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo kidogo. Ukishindwa hata kuzungumza, punguza. Siku ile uliimba njia nzima, kwa hiyo pumzi yako haikuwa na tatizo. Kilichozidi ni umbali.

Kuanzia katikati ya Septemba, ikiwa umeanza mwanzoni mwa Agosti, chagua siku moja ya wiki, tuseme Jumamosi, iwe ya mwendo mrefu. Anza na kilomita 6. Ongeza kilomita moja kila wiki, lakini kila wiki ya nne rudisha umbali nyuma kwa theluthi ili mwili ukarabati yaliyochakaa. Kwa utaratibu huu, ambao najua utakuchosha kwa upole wake, utafika kwenye kilomita 15 au 16 karibu na mwisho wa mwaka. Baadhi ya Jumamosi hizo unaweza kutembea kuelekea Matayos au Nambale na kurudi na matatu, kwa maana kwenda na kurudi kwa miguu kunakulazimisha kumaliza hata goti linapokataa.

Januari ndipo tunapoanza kile ambacho safari yako inakitaka hasa. Tembea Jumamosi kilomita 10 na Jumapili kilomita 8, umbali ambao kila mmoja peke yake utakuwa mdogo kwako wakati huo. Uliwafundisha watoto kujumlisha kabla ya kuzidisha. Miguu nayo ifundishwe siku mbili zinazofuatana kabla ya nane. Mwishoni mwa Machi siku hizo mbili ziwe za kilomita 15 kila moja. Katikati ya Aprili fanya jaribio la siku tatu mfululizo, 20, 20 na 15, ukilala nyumbani kwako lakini ukivaa na kubeba kila kitu utakachokuwa nacho njiani. Baada ya hapo shusha umbali taratibu, na wiki mbili za mwisho kabla ya kuondoka zisiwe na mwendo mrefu wowote. Hofu ya kwamba utasahau kutembea kwa wiki mbili haina msingi, na uchovu utakaoondoka nao nyumbani utakufuata hadi Iganga.

Katika kipindi chote hiki hakimu wako awe asubuhi inayofuata. Maumivu madogo yanayokuja ukitembea na kutoweka usiku ni ya kawaida, na misuli kukakamaa siku moja au mbili baada ya kuongeza umbali ni sehemu ya kujengeka. Lakini goti likiwa bado linauma unaposhuka kitandani, au likiwa limevimba, umbali wa jana ulizidi. Wiki hiyo rudi nyuma, na likiendelea kwa wiki mbili muone mtaalamu wa tiba ya viungo. Kurudi nyuma wiki moja mwezi wa Oktoba hakukupunguzii chochote mwezi wa Mei.

Goti halitaponywa kwa kutembea pekee. Linapokuuma unaposhuka ngazi, mara nyingi ni kwa sababu misuli ya mbele ya paja haina nguvu za kuubeba mwili unaposhuka, na mzigo wote unakuwa juu ya kifuu cha goti. Mara mbili kwa wiki, siku zisizofuatana, kaa kwenye kiti imara na uinuke bila kutumia mikono, mara 8 hadi 10, upumzike, urudie tena mara mbili. Mwanzoni weka mto juu ya kiti ili kiwe kirefu zaidi. Kisha shika meza uinuke kwa vidole vya miguu na ushuke polepole, na umalize kwa kusimama kwa mguu mmoja, ukiwa tayari kushika meza, ili ujenge uwezo wa kutoyumba kwenye ukingo wa barabara wenye mashimo. Haya huchukua dakika 20, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu ambayo wanaoanza kutembea uzeeni huidharau zaidi kuliko zote. Fimbo nayo ichukue bila haya, hasa kwenye miteremko. Fimbo mbili ni bora zaidi kwa kuwa zinalipunguzia goti mzigo bila kuupinda mgongo.

Uzito utapungua kidogo wenyewe, na hata kidogo kina thamani: utafiti uliofanywa kwa watu wenye magoti yaliyochakaa ulionyesha kwamba kila kilo moja iliyopungua iliondoa mzigo wa karibu kilo nne juu ya goti kwa kila hatua. Hata hivyo usijinyime chakula, maana misuli haijengwi na njaa. Punguza kipande cha ugali na sukari ya chai, ongeza omena, maharagwe, mayai na mboga za kienyeji kama kunde na mrenda, na kila mlo uwe na kitu cha kujenga mwili.

Viatu nitavisema kwa ufupi. Vinunue jioni, wakati miguu imevimba kidogo, vikiwa na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole vyako. Raba za mitumba si mbaya, mradi soli yake haijalika upande mmoja na haikunjiki katikati kama kitambaa. Viwe vimetembea nawe angalau miezi miwili kabla ya safari. Malengelenge huletwa na msuguano na unyevu, kwa hiyo paka mafuta ya mgando visiginoni na kati ya vidole, badili soksi mchana, na usivae soksi za pamba tupu ambazo hushika jasho. Mwisho wa Mei mvua za masika zitakuwa bado zinanyesha, basi usiikimbie mvua ya Machi na Aprili katika mazoezi. Afadhali ujue miguu yako inafanyaje ikiloa ukiwa karibu na nyumbani. Tembea alfajiri kabla ya jua kali, usiwe peke yako, vaa kizibao kinachong'aa, na kwa kuwa Kenya na Uganda magari hupita kushoto, wewe pita kulia ili uyaone malori yanayokuja mbele yako.

Sasa watoto wako. Kifungua mimba wako hakukosea kuogopa, maana alichokisikia ni kwamba mama yake mwenye presha alikwenda mbali bila maandalizi, akavimba goti na kukaa ndani wiki nzima akimeza dawa za dukani. Habari hiyo ingemtisha mtoto yeyote anayempenda mzazi wake. Usishindane naye kwa maneno. Mwite aje nawe kliniki siku ya vipimo, au angalau azungumze na daktari kwa simu ukiwa pale, asikie mwenyewe kinachoruhusiwa na kinachokatazwa. Mpe nakala ya ratiba, na kila wiki umtumie vipimo vya presha na umbali uliotembea. Likizo ya Desemba wakija nyumbani, wachukue watembee nawe Jumamosi moja, kilomita 14 au 15 kwa mwendo wako. Nadhani baada ya hapo mazungumzo yatabadilika, na huenda mmoja wao akataka kuja nawe hadi mwisho. Uamuzi ni wako, kwa kuwa mwili ni wako na nia uliyoiweka ni yako, lakini mtoto aliyeona maandalizi ana nafasi ya kubariki, na yule aliyeletewa uamuzi ukiwa umekamilika hubaki na hofu peke yake. Hilo basi walilojitolea kulipia likubali kwa shukrani, kwa ajili ya kurudi nyumbani.

Majirani sitawachukulia muda mwingi. Njia unayoizungumzia hupitwa kila mwaka na wazee kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda, Kongo na kila pembe ya Uganda, kwenda kuwakumbuka Karoli Lwanga na wenzake waliouawa pale tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Sijasikia mtu akisema kwamba nyanya aliyefika Namugongo kwa miguu alijiaibisha. Ukipenda vaa leso juu ya trakisuti, nayo haitakuzuia kupiga hatua; lakini usiache kutoka alfajiri kwa sababu yao.

Mwisho, usitoe jina lako kwa kiongozi wa mahujaji kabla ya jaribio lile la siku tatu la katikati ya Aprili. Ukiamka asubuhi ya nne goti likiwa halijavimba na miguu ikiwa mizima, jiandikishe, na uulize mapema kama kutakuwa na gari la kubeba wanaozidiwa na nani atakuwa na ujuzi wa huduma ya kwanza. Dawa zako zitoshe siku za safari na wiki moja ya ziada, nazo zikae katika mfuko unaoubeba mwenyewe pamoja na kitambulisho chako cha taifa, zisipakiwe kwenye gari la mizigo ambalo linaweza kuwa mbele yako kwa nusu siku. Asubuhi hiyo ya nne ikikukatalia, panda gari hadi Jinja na uungane na wenzako hapo watakapovuka Mto Nile. Kutoka Jinja kupitia Mabira na Mukono hadi Namugongo hazifiki kilomita 80, yaani siku nne za kilomita zisizozidi 20, na mwili wenye mazoezi ya miezi 10 utazimudu. Zungumza na paroko kuhusu mpango huo wa pili tangu sasa, ili ukihitajika uwe umekwisha kupangwa na usionekane kama kushindwa mbele ya mtu yeyote.